Hofu Isiyo na Ng'ombe: Ukristo Ulivyoingia Lodwar na Kakuma

Historia ya Ukristo katika Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, huelezwa kwa kawaida kama historia ya shule, zahanati na visima, na ni kweli kwamba hayo yote yalijengwa. Lakini chini yake kuna historia nyingine isiyoandikwa sana, ile ya watu waliopoteza njia yao ya zamani ya kuikabili hofu wakalazimika kutafuta nyingine. Historia hiyo ina mikondo miwili iliyo umbali wa kilomita 120 hivi. Huko Lodwar, mji ulio kando ya mto Turkwel, imani ililetwa na wageni walioruhusiwa kuingia kwa sababu ya njaa. Huko Kakuma imani ililetwa kwa miguu, na waliokuja nayo wengi wao walikuwa watoto.

Waturkana hawakumsubiri mmisionari ili wamjue Mungu. Walimwomba Akuj, Mungu wa juu anayetoa na kuzuia mvua, na jina hilo hilo ndilo Wakristo wa huko wanalolitumia hadi leo. Kati ya Akuj na watu alisimama emuron, ambaye wingi wake ni ngimurok, yaani mwaguzi anayepokea ujumbe katika ndoto, anayesoma matumbo ya mnyama aliyechinjwa, na anayeagiza kafara ya kuzuia ukame, maradhi au uvamizi. Hofu zenyewe zilijulikana kwa majina: ekapilan, mchawi anayeshukiwa kuwadhuru watu na mifugo, na majirani kama Wapokot, Watoposa na Wadasenech, ambao shambulio lao moja la alfajiri liliweza kumwacha tajiri bila hata mbuzi mmoja. Padri Anthony Barrett, mmisionari wa Shirika la Mtakatifu Patrick aliyeandika vitabu kadhaa juu ya kafara na unabii wa Waturkana, aliuchukua mfumo huo kwa uzito unaostahili, na ndivyo inavyofaa, kwa maana ulikuwa elimu kamili ya kuishi na mashaka. Elimu hiyo, hata hivyo, ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa kwa mifugo.

Utawala wa Waingereza, uliowapokonya Waturkana mifugo mingi sana katika operesheni ya kijeshi ya mwaka 1918, baadaye uliifanya nchi yao kuwa eneo lililofungwa, ambamo mtu wa nje hakuingia bila kibali, mmisionari akiwemo. Ilionekana kuwa mahali panapofaa kufichwa watu: Jomo Kenyatta, baada ya kutumikia kifungo chake Lokitaung, alihamishiwa Lodwar mwaka 1959 akazuiliwa huko hadi 1961. Kilichofungua mlango huo ni njaa ya 1960 na 1961, iliyoangamiza mifugo na kuwakusanya watu katika makambi ya chakula, hata serikali ikahitaji mikono ya kusaidia. Mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick, wenye makao yao Kiltegan nchini Ireland, waliingia mwaka 1961, na katika miaka hiyo hiyo Kanisa la Africa Inland likamtuma Mkamba mmoja, Peter Mualuko Kisulu, huku daktari Dick Anderson akianzisha kazi ya tiba Lokori. Mwaka 1968 Lodwar ikawa prefektura ya kitume, yaani eneo la kimisionari ambalo bado halijafikia hadhi ya jimbo, na mwaka 1978 ikawa jimbo kamili chini ya Askofu John Mahon.

Ni rahisi kusema kwamba waliobatizwa wakati huo walifuata mahindi, na bila shaka wapo waliofuata mahindi, jambo ambalo aliyewahi kulala njaa hatalishangaa. Maelezo hayo lakini hayatoshi. Mtu ambaye zizi lake limebaki tupu hakupoteza chakula tu, bali alipoteza pia kile ambacho angekitoa ili aondolewe hofu, na kwake mahubiri kwamba kafara imekwisha kutolewa, mara moja na kwa wote, na kwamba anayeomba hadaiwi ng'ombe, yalikuwa na uzito ambao mwenye ng'ombe mia asingeuhisi.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana wa Sudan Kusini, wengi wao Wadinka, ambao walikuwa wamekaa katika makambi ya Ethiopia hadi utawala wa Mengistu wa nchi hiyo ulipoanguka Mei 1991. Walifukuzwa, wengi wakafa maji au kupigwa risasi wakivuka mto Gilo, na waliosalia wakatembea kupitia Pochalla na Kapoeta hadi mpakani. Makadirio ya kawaida yanataja zaidi ya wavulana 10,000 walioingia Kenya. Wengi wao walikuwa wamebatizwa wakiwa njiani au makambini, bila wazazi na mara nyingi bila mchungaji, wakifundishana wao kwa wao.

Nyumbani kwao, Bor, mageuzi makubwa zaidi yalikuwa yakitokea. Wadinka walizitolea ng'ombe nguvu za kiroho ziitwazo jok, zilizoaminika kuzilinda koo na kuzitia hofu vilevile. Kundi la Nasir lililojitenga na jeshi la waasi la SPLA liliposhambulia Bor mwaka 1991, likiua watu kwa maelfu na kupora mifugo isiyohesabika, jok hazikumlinda mtu, na hakukuwa tena na ng'ombe wa kuzitolea. Watu walichoma alama za jok hizo, wakashika misalaba ya mbao na ya chuma, mingine ikifuliwa kutokana na mabaki ya silaha. Marc Nikkel, mmisionari Mwanglikana kutoka Marekani aliyeishi na Wadinka hawa hadi karibu na kifo chake mwaka 2000, aliona kwamba elimu yao ya dini ilikuwa katika nyimbo walizozitunga wenyewe. Mary Aluel Garang, mtunzi aliyevuma kuliko wote, aliieleza vita kwa kuitazama sura ya 18 ya Isaya, inayosema habari za nchi ng'ambo ya mito ya Kushi: msiba uliokwisha kutabiriwa unatisha, lakini si msiba wa watu waliosahauliwa.

Nyimbo hizo ziliimbwa Kakuma katika makanisa ya matofali ya udongo, kwa ngoma, na wavulana, na wapatao 3,800 kati yao walihamishiwa Marekani mwaka 2000 na 2001 wakienda nazo. Wasichana waliohama nao hawakufika mia, kwa kuwa walipokuwa wamepangwa katika familia za walezi hawakuhesabiwa tena kuwa watoto wasio na wazazi. Na hili ni jambo la kushangaza katika kanisa ambalo nyimbo zake nyingi zilitungwa na wanawake.

Lakini hofu ya jirani haikupata dawa kama ile iliyopatikana kwa hofu ya jok. Mwezi Juni 2003 wakimbizi na Waturkana wa Kakuma, wengi wao wa pande zote mbili wakiwa Wakristo, walipigana hadi watu wakafa, chanzo kikiwa mifugo na visasi. Na Mei 2011, huko Todonyang mpakani mwa Ethiopia, ambako Kanisa Katoliki lina misheni, Waturkana wengi waliuawa na Wadasenech. Katika mambo hayo ya mpakani wapo waumini wanaohudhuria misa Jumapili na bado humwendea emuron kumuuliza adui atapitia njia gani.