Marehemu Siti binti Saad, Sauti Iliyotoka Fumba

Ni desturi njema katika vitabu vya kumbukumbu kuwataja masheikh waliosomesha na matajiri waliotoa mali zao. Lakini Waislamu wa Afrika ya Mashariki walikuwa na watumishi wengine, nao ni watungaji na waimbaji. Wanavyuoni wametofautiana juu ya hukumu ya ala za muziki, wala makala haya hayakukusudia kuingia katika hitilafu hiyo. Yanataka kueleza habari za mtu mmoja, ambaye kazi yake iliipa heshima lugha tunayosemeana kila siku.

Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Jina aliloitwa utotoni ni Mtumwa, na katika zama zile, kabla utumwa haujaondoshwa Unguja mwaka 1897, maana ya jina hilo haikumfichikia mtu. Wazee wake walikuwa maskini. Skuli hakwenda; alichukua vyungu akavitembeza kwa miguu, akinadi kwa sauti iliyosikika mbali.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu wakati ule ilikuwa starehe ya wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, aliupenda muziki wa Kimisri katika jumba lake, na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Nyimbo zilizotukuzwa zilikuwa za Kiarabu. Mwanachama mmoja wa chama hicho ndiye aliyemfundisha Siti uimbaji. Baadaye Siti akaimba kwa Kiswahili, pamoja na wenzake akina Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam.

Mwaka 1928 walivuka bahari hadi Bombay, na huko kampuni ya His Master's Voice ikazitia sauti zao katika sahani za santuri. Siti anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kupata jambo hilo. Kutoka bandarini sahani zilisafiri hata bara, na watu ambao hawajapata kuiona bahari wakaisikia lugha yao ikiimbwa kwa fahari ileile ya Kimisri na ya Kihindi.

Nyimbo zao hazikuwa za mapenzi tu. Zilisema juu ya dhuluma, juu ya hukumu za mahakama, na juu ya unyonge wa wanawake. Wimbo wa Kijiti ulisimulia habari ya mwanamke aliyeuawa na muuaji aliyetoroka. Tena utungaji ulikuwa shirika: wenzi walikusanyika nyumbani kwa Siti, huyu akaleta habari, yule akaleta mshororo. Kwa hiyo jina moja limefunika kazi ya wengi.

Siti alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Maisha yake hayakupotea, kwa kuwa Shaaban Robert aliyaandika katika Wasifu wa Siti binti Saad. Na Bi Kidude, aliyejifunza kwake, aliimba mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2013.

Katika miji yetu ya bara wamepita watungaji wangapi ambao nyimbo zao zinaimbwa harusini na majina yao hayajulikani? Mwenye mzee nyumbani na amwulize leo, aandike. Aliyezaliwa akaitwa Mtumwa amekumbukwa kwa jina la heshima kwa sababu alipatikana mtu wa kushika kalamu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia. Amin.