Kutoka Kawangware Hadi Chiromo: Tarikhi ya Elimu ya Viumbe Hai Jijini Nairobi

Mto wa Nairobi, ambao chimbuko lake ni kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, huteremka kupitia Dagoretti, ukapita Kawangware na kupokea huko maji machafu ya mtaa uliojengwa pasipo mifereji, kisha, baada ya mwendo wa kilomita chache baina ya majumba yenye bustani, ukafika Chiromo, mahali ambapo Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha baiolojia. Mtoto aliyezaliwa ukingoni mwa mto huo, akitaka kufika Chiromo kwa njia ya masomo, hana budi kushika njia ndefu kupita kiasi, na tarikhi ya njia hiyo yastahili kuelezwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Chiromo ilikuwa milki ya mlowezi Ewart Grogan. Zama hizo hizo askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles walikuwa wakikaa Kibera, ambayo leo ni mtaa mwingine wa mabanda, kwa idhini ya serikali lakini bila hati za ardhi, na Kawangware ilikuwa mashamba ya Wakikuyu nje ya mipaka ya mji. Mwafrika aliyetamani taalimu ya juu ya sayansi alielekeza uso wake Uganda, kwenye chuo cha Makerere kilichofunguliwa mwaka 1922, ambacho tangu 1949 kilitayarisha wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Nairobi ilikawia. Chuo cha ufundi cha Royal Technical College, kilichounganishwa na azma ya Wahindi ya kujenga chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi, kilipokea wanafunzi mwaka 1956. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na mwaka 1970 kikasimama peke yake.

Majina mawili ya zama hizo hayana budi kutajwa. Thomas Odhiambo, mzaliwa wa Mumias, alisoma Makerere na Cambridge, akarudi kufundisha Nairobi, na mwaka 1970 akaasisi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kwa imani kwamba Mwafrika asingoje wageni waje kumfasiria wadudu wanaomlia mazao na kumtia maradhi. Wangari Maathai naye alikuwa miongoni mwa vijana waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani mwaka 1960, akapata shahada ya kwanza ya baiolojia mwaka 1964 katika chuo cha Mount St. Scholastica, jimboni Kansas. Aliporejea mwaka 1966 alikuta kazi aliyoahidiwa katika idara ya zoolojia imekwisha kupewa mtu mwingine. Aliyempokea ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, katika idara ya anatomia ya wanyama, na mwaka 1971 Maathai akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu.

Wote wawili walitoka mashambani na kupitia shule za misheni, na hilo si jambo la sadfa. Misheni zilijenga shule vijijini. Ilhali Kibera, machoni mwa wakuu wa mji, ilikuwa makao yasiyo halali, malazi ya vibarua ambao ilidhaniwa wangerudi kwao, na mahali pasipotambuliwa hapajengewi shule, sembuse maabara.

Kisha masharti yakabadilika. Mwaka 1974 elimu ya chuo kikuu, iliyokuwa bure, ikawa ya mkopo. Mwaka 1991 fedha za matumizi, zile wanafunzi walizoziita bumu, zikakatwa. Na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ikaundwa mwaka 1995. Karo ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2003, watoto walifurika Olympic, shule ya serikali iliyo ukingoni mwa Kibera, ilhali wengine wengi waliendelea kusoma katika shule za mabati za makanisa na za watu binafsi, ambako seli huchorwa ubaoni kwa chaki na mwanafunzi huikariri bila kuiona.

Jambo linalonisumbua ni kwamba elimu ya viumbe hai iliingia Kibera kwa mlango mwingine. Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, ina makao yake makuu jirani na Kibera, upande wa Mbagathi. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii watafiti wake, wakishirikiana na Wamarekani, walizizuru nyumba za vitongoji vya Gatwekera na Soweto, humo Kibera, kwa zamu wakiuliza habari za homa na kuhara, na wagonjwa wakapimwa damu katika zahanati ya Tabitha, inayobeba jina la muuguzi Tabitha Festo aliyeianzisha. Ilidhihirika kwamba homa ya matumbo iliwashika watu wa Kibera, hususan watoto, kwa kiwango kikubwa mno kuliko wa Asembo, karibu na Ziwa Victoria. Maarifa hayo yana manufaa makubwa, wala siyabezi. Lakini mtoto aliyetoa damu ile aliisaidia hadubini kabla hajapata kuchungulia ndani yake.

Na mtoto huyo darasa analo mlangoni. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 liwe hazina ya maji ya kunywa, limefunikwa na magugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini unaonawiri kwa nitrojeni na fosforasi zinazoteremka kutoka vyoo vya Kibera. Na mwanafunzi anayefundishwa ekolojia hawezi kupata mfano ulio wazi kuliko huo. Kwa hiyo rai yangu ni hii: kila utafiti utakaoomba ruhusa ya kuchukua damu, maji au udongo wa Kibera na Kawangware ushurutishwe kuacha maabara yenye hadubini katika shule ya upili iliyo karibu, na mwalimu wa kuitumia alipwe mshahara kwa fedha zile zile za utafiti.