Herufi K Haikutosha: Historia ya Vibao vya Majina Ukutani

Wasikilizaji na wasomaji wetu, hasa ninyi mnaolala katika nyumba za watu wengine, leo siwaletei hesabu ya waliohama wala bei ya unga. Ninawaletea habari ya herufi moja.

Katika nyumba moja ya mbao hapa Butembo, nilikuta watoto watatu wamejikusanya sakafuni kwenye boksi la mchezo wa Scrabble. Jamaa hiyo ilikimbia vita upande wa Beni, na boksi hilo mama alipewa na mwalimu mmoja. Majina yao halisi nayaficha. Nitawaita Masika, Kakule na Kavira, majina yanayopatikana karibu kila nyumba huku kwetu.

Hawakuwa wanacheza. Walitaka kupanga majina yao kwa vile vibao vidogo, kisha wayabandike ukutani juu ya godoro lao. Masika, aliye mkubwa, alipanga lake. Kakule akaazima K ya dada yake, akateremka nayo kwenda chini: K, A... Hapo akakwama. K ya pili haikuwako. Vibao viwili vitupu, ambavyo vinaweza kusimama mahali pa herufi yoyote, vilikuwa vimepotea zamani. Kavira hakuanza hata kidogo.

"Kwa hiyo mimi siko?" akauliza.

Mama yake akacheka, lakini mimi nilitoka na swali hilo. Nani aliyeamua kwamba K moja inatosha?

Jibu linaanzia Marekani, kwa mtu aliyekosa kazi. Aliitwa Alfred Mosher Butts, fundi wa kuchora ramani za nyumba, aliyezaliwa mwaka 1899 katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York. Mwaka 1931, wakati uchumi wa dunia ulipoanguka na watu hawakujenga tena, Butts alipoteza kazi yake. Alikuwa na wakati mwingi na pesa kidogo. Akaanza kubuni mchezo wa maneno.

Alitaka kujua kila herufi inahitaji vibao vingapi. Basi akachukua magazeti, akahesabu herufi moja moja: A ngapi, B ngapi, mpaka Z. Katika Kiingereza E ndiyo inayorudi mara nyingi, kwa hiyo ikapata vibao 12 kati ya 100. K ikapata kimoja tu. S, ingawa ni nyingi magazetini, alizipunguza zikabaki nne, kwa sababu kwa Kiingereza ukiongeza S mwishoni umepata wingi wa neno bila jasho.

Vibao vyenyewe alivitengeneza nyumbani. Alichora herufi kwa vifaa vyake vya kazi ya ramani, akatoa nakala kwenye karatasi, akazibandika kwa gundi juu ya ubao mwepesi wenye unene wa milimita 6 hivi, kisha akakata viraba kimoja kimoja. Makampuni ya michezo aliyoyapelekea yalikataa. Aliendelea kuvitengeneza kwa mkono, na kugawia rafiki na majirani.

Mwaka 1948 mtu mwingine, James Brunot, alikubaliana naye, akaupa mchezo jina la Scrabble. Brunot na mke wake, pamoja na rafiki, walifanya kazi katika jengo la shule lililoachwa, kijijini huko Connecticut, wakigonga herufi kwenye vibao vya mti kimoja baada ya kingine. Mwaka 1949 walitengeneza seti 2.400, wakapata hasara ya dola 450. Ni kuanzia mwaka 1952 tu ndipo mchezo ulipotafutwa madukani kote Marekani, ukasambaa duniani.

Ulipoingia katika Kifaransa, herufi zilihesabiwa upya. Seti ya Kifaransa, ile tunayoiona kwetu mashuleni na parokiani, ina vibao 102. E ziko 15. Lakini K, W, X, Y na Z ziko moja moja tu, na kila moja inalipa pointi 10, kwa kuwa Mfaransa anazitumia kwa nadra sana.

Sasa ita majina hapa kwetu: Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Kavira, Kahindo. Ongeza Mwamini, Zawadi, Yalala. Herufi ambayo Mfaransa anaihesabu kuwa adimu, sisi tunaiita asubuhi tukiamsha watoto. Hakuna aliyekusudia kumwacha Kavira nje. Hesabu ilifanywa kwa lugha nyingine, juu ya magazeti ambayo jina lake halikuandikwa humo.

Baadaye vibao vilitoka mezani vikapanda ukutani. Huko Ulaya na Marekani watu wengi hukata vibao vikubwa vya mti, wakaandika majina ya jamaa yakipishana kama katika mchezo, na pointi ndogo pembeni. Hata katika Jackson Heights, mtaa wa New York alikokaa Butts, kibao cha njia moja kiliandikwa kwa namna hiyo, kila herufi na pointi yake. Vibao hivyo vya ukutani vinauzwa. Lakini anayejua historia yake anajua kwamba vya kwanza vilikatwa nyumbani na mtu asiye na mshahara.

Nilirudi kwa watoto wale pamoja na seremala jirani. Alileta kipande cha ubao wa kaliptusi kilichobaki kazini. Kwanza tulihesabu, kama Butts. Masika anakwenda ubavuni. Kakule anateremka kutoka K ya Masika. Kavira anaanzia K ya pili ya Kakule, naye anakwenda ubavuni. Majina matatu yana herufi 18, lakini kwa kuwa yanashirikiana K mbili, vibao vinavyohitajika ni 16. Kati ya hivyo, A peke yake ni tano. Kufanya hesabu kwanza kunaokoa mbao.

Seremala alipasua ubao upana wa sentimita 8, akakata viraba vya urefu huohuo. Watoto walivisugua kwa karatasi ya msasa mpaka mikono isichomwe tena na vijiti. Herufi zilichorwa kwa penseli na rula, zikapakwa rangi nyeusi. Mahali pa pointi, mama alitaka tarakimu nyingine: 1, 2, 3, zamu ya kila mmoja kuzaliwa. "Huku hakuna mtoto wa pointi 10," alisema.

Hatukugonga hata msumari mmoja ukutani, kwa kuwa nyumba si yao. Seremala alitoboa kila kibao, tukavifunga kwa uzi kwenye vijiti, na vijiti vyenyewe vikaning'inia kwenye boriti. Ukitaka kuvishusha, unakata uzi. Vyote 16 vinaingia katika mfuko mmoja wa dukani. Mama alivijaribu kabla sijaondoka: alivishusha, akavitia mfukoni, akaubeba begani, akavirudisha tena. Anayejua kukimbia usiku hapendi kitu kisichobebeka.

Kuna vibao vingine saba. Mama alimwomba seremala avikate pia, navyo vimesuguliwa na kupakwa rangi kama vingine. Ni jina la baba yao, aliyebaki nyuma siku ile walipokimbia, na mpaka leo hakuna simu yake iliyoingia. Hivyo havijapandishwa. Viko katika kitambaa, chini ya mto, vimefungwa kwa mpangilio.

Nilimuuliza kwa nini asiviweke pamoja na vya watoto. Alinijibu kwamba ukutani vitakuwa kama vya kumbukumbu, naye hajafika huko. Bwana yake akija, atavifunga mwenyewe.

Kavira alinionyesha mahali walipomwachia: chini ya jina la Kakule, kuanzia kwenye L. Walikwisha pima.