Daftari la Ubatizo na Asili ya Wahamiaji wa Ayalandi

Waayalandi wengi waliohamia Marekani katika karne ya 19 hawakuandikiwa asili yao ila kwa neno moja tu, Ayalandi. Karani wa hesabu ya watu hakuamriwa kuuliza zaidi, naye hakuuliza. Lakini kwa mhamiaji mwenyewe neno hilo halikuwa jibu. Kwao kulikuwa kitongoji, pengine chenye nyumba chache tu, na vitongoji vya namna hiyo katika kisiwa kile vyapita 60,000. Basi wajukuu wakitaka kujua mzee wao alizaliwa wapi, huona ya kuwa wameachiwa jina la nchi, na jina la kitongoji limekwenda kaburini pamoja naye.

Watu hudhani kwamba yatosha kwenda Dublin na kufungua hati za serikali. Huko ndiko wakutako msiba wa pili. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kuhifadhia hati za nchi, iliyokuwa katika majengo ya Four Courts, iliteketea, na hesabu za watu za miaka 1821, 1831, 1841 na 1851 zikaungua karibu zote. Zile za 1861 na 1871 zilikuwa zimekwisha haribiwa kwa amri ya serikali, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa vita kuu ya kwanza. Hesabu kamili iliyo ya kale kuliko zote zilizosalia ni ya 1901. Tena, kuandikisha vizazi vyote kulianza mwaka wa 1864 tu, na wengi waliokimbia njaa kuu, iliyoanza 1845, walikuwa wamekwisha ondoka.

Yafaa tutazame ni nini kilichopona, na kwa sababu gani. Kanisa la Ayalandi lilikuwa kanisa la dola hata mwaka wa 1871, na madaftari yake mengi yalipelekwa Dublin kwa sheria ili yahifadhiwe salama. Zaidi ya nusu yaliungua. Madaftari ya Wakatoliki hayakutakiwa na serikali. Yalikaa katika parokia, mikononi mwa mapadre, mengine yakiharibika kwa unyevu. Hayo ndiyo yaliyosalimika, kwa kuwa hakuna aliyeyaona kuwa na thamani ya kuyachukua.

Mfano ulio wazi ni ukoo wa Ronald Reagan, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 1981 hata 1989. Baba yake alifiwa na wazazi wote wawili akiwa na umri wa miaka sita, nao walikufa kwa kifua kikuu. Hapakuwa na mtu wa kumsimulia habari za wazee, naye hakuwa na habari za kumrithisha mwanawe. Wachunguzi walilazimika kurudi nyuma kwa hati, hatua kwa hatua. Katika Illinois walimkuta baba wa babu yake, Michael, aliyekuwa mkulima. Kutoka hapo hawakuruka moja kwa moja hata Ayalandi, maana Michael alikuwa amepitia London, na huko alimwoa Catherine Mulcahy mwaka wa 1852. Baada ya London ndipo walipofika Ballyporeen, katika jimbo la Tipperary. Daftari la ubatizo la 1829 lamtaja mtoto Michael, baba yake Thomas, mama yake Margaret Murphy. Reagan alikwenda mwenyewe Ballyporeen mwezi wa Juni 1984, akaonyeshwa daftari hilo.

Jina la Michael peke yake lisingemwonyesha mtu kitu, kwani akina Michael wa ukoo ule walikuwa wengi, na jina la ukoo huandikwa Regan, Reagan na O'Regan. Kilichosaidia ni desturi mbili. Padre huandika jina la ukoo alimozaliwa mama, wala si la mumewe, na majina mawili ya ukoo yakiwa pamoja huwatenga watu upesi. Desturi ya pili ni kumwita mtoto wa kwanza wa kiume kwa jina la baba wa babaye. Miongoni mwa watoto wa Michael walikuwamo Thomas na Margaret. Wasomaji wetu wa Ukikuyu hawataona ajabu.

Lugha yenyewe yaweza kumpoteza mtafutaji. Padre aliyeandika Kilatini humwita James kwa jina la Jacobus. Na Diarmaid, jina la Kiayalandi, kwa Kiingereza likawa Jeremiah, ingawa majina hayo hayana undugu wowote. Majina ya mahali nayo yaliandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, na wapimaji wa ramani, waliofanya kazi tangu 1824, ndio walioyaimarisha. Bally mara nyingi ni baile, yaani makao. Katika Ballyporeen si hivyo: asili yake ni Béal Átha, kinywa cha kivuko. Kwa hiyo barua ya zamani yenye jina lisilomo katika ramani isitupwe. Isomwe kwa sauti, maana aliyeiandika aliandika alivyosikia.

Tangu 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeweka wazi picha za madaftari ya Wakatoliki, nayo yamepangwa kwa parokia. Jina la parokia, basi, lafaa litafutwe kwanza ng'ambo: katika mawe ya makaburi, katika Biblia ya nyumbani, na katika gazeti la Pilot la Boston. Tangu 1831 gazeti hilo lilichapa matangazo ya watu waliowatafuta waume, ndugu na watoto wao waliopotea Marekani, na wengi wao walitaja parokia alikotoka yule aliyetafutwa, pengine hata kitongoji chake, ili akisoma ajue kwa yakini ya kuwa ni yeye anayeitwa.