Kutoka Kiwanja hadi Makindu: kufuata njia ya chakula kisichouzwa

Kiwanja, huku mashariki mwa Kongo, ni mji wa njia panda. Anayetoka Goma husafiri kama kilomita 70 kuelekea kaskazini, na akifika huku anachagua: barabara moja inapanda Rwindi na Kanyabayonga hadi Butembo, nyingine inapita Nyamilima hadi mpaka wa Uganda pale Ishasha, na pale jirani, Rutshuru-centre, inachepuka ile ya Bunagana. Maharagi na mahindi yetu yanatokea huku. Chumvi, sabuni na mabati yanaingilia huku, mengi yakiwa yameshushwa bandarini Mombasa. Madereva wa malori wana mengi ya kusimulia kuhusu vizuizi, kodi na matope. Lakini wanapofika kwenye habari za Kenya, kuna jambo wanalolisema kwa heshima: kando ya barabara kuu, mahali paitwapo Makindu, msafiri yeyote anakaribishwa, anakula na kushiba, wala hadaiwi kitu. Niliamua kuifuata habari hiyo kinyumenyume, kutoka njia panda yetu kuelekea bahari.

Ukivuka Ishasha na kuipita hifadhi ya Queen Elizabeth unafika Kasese. Hapo ndipo reli iliyoanzia Mombasa ilipokoma mwaka 1956, ikiifuata shaba ya Kilembe. Treni haiji tena, lakini ni vizuri kukumbuka kwamba chuma kile kilifika karibu na kwetu hivyo. Kampala kilikuwa kimefika mwaka 1931, baada ya kuvushwa mto Nile pale Jinja. Na kila kilipopita, kilisindikizwa na mafundi wenye vilemba: maseremala, wahunzi, waashi na makanika Wasikh kutoka Punjab, hao ambao Wakenya huwaita Kalasinga na Watanzania Masingasinga. Palipokuwa na karakana ya reli, haikupita muda pakawa na hekalu lao, gurdwara, na ndani ya hekalu jiko.

Historia ya majiko hayo haikuwa ya amani tupu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Familia zilizojenga Kampala na Jinja kwa nyundo zikatawanyika hadi Uingereza na Kanada, na mahekalu yakapoteza watu wake. Waliorudi miaka iliyofuata waliyafungua upande wa sala na upande wa jiko kwa pamoja, kwa sababu katika dini yao hekalu lisilolisha watu halijakamilika.

Kutoka Uganda njia inaingia Kenya na kushuka hadi Nairobi, ambako reli ilifika mwaka 1899. Zaidi ya vibarua na mafundi 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi ile iliyoanza Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901. Karibu 2,500 walikufa kwa malaria, kuhara, ajali na wanyama. Mmoja wa waliochukuliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898 alikuwa Ungan Singh, msimamizi wa kazi, Singasinga aliyenyakuliwa usiku akiwa hemani mwake. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Kama 6,700 wakabaki. Hao waliobaki ndio waliopanda mbegu ya jambo ninalolifuata.

Makindu iko kilomita zipatazo 170 kutoka Nairobi, kwenye barabara ya Mombasa. Zama za garimoshi la mvuke ilikuwa kituo cha kazi nyingi: injini zilikunywa maji hapo, mafundi wakazikagua, wafanyakazi wakalala. Masingasinga waliokuwa wakikusanyika kusali wakajenga gurdwara yao mwaka 1926, na inasimuliwa kwamba wafanyakazi wenzao wa dini nyingine walitia mkono. Baadaye injini zilibadilika, wafanyakazi wakahamishwa na mji ukapungukiwa watu. Hekalu likabaki. Barabara ilipochukua nafasi ya reli, jiko lililokuwa la watu wa reli likawa la wasafiri wote.

Unaingia kwa kuvua viatu na kufunika kichwa. Asiye na kitambaa anaazimwa. Hakuna anayekuuliza jina, kabila wala dhehebu. Chakula ni chapati, wali, dengu, mboga na chai ya maziwa. Nyama haipikwi, na sababu yake inafaa kuzingatiwa: Mwislamu, Mhindu, Mkristo na asiyekula hiki wala kile, wote waweze kula kutoka sufuria moja bila shaka moyoni. Anayetaka kulala hupewa kitanda. Sanduku la sadaka lipo, ila hakuna anayesimama kando yake kuangalia nani ametia na nani hakutia.

Nilipomaliza kula niliomba kazi. Huko kazi haikosekani, na kuifanya kwa kujitolea, ambako wao hukuita seva, ni ibada sawa na sala. Nikapewa kibao na mti wa kusukumia chapati, nikaketi katikati ya watu waliokuwa wakikata madonge ya unga bila kuinua macho, na madonge yote yakatoka sawa. Mkononi mwangu unga ulikuwa ukinata. Mama mmoja akaninyunyizia unga mkavu kwenye kibao, akasukuma chapati moja polepole ili nione, akanirudishia mti. Upande wa pili mzee aliyevaa saa ya bei na kijana aliyeonekana kuwa msafiri kama mimi walikuwa wakisugua sahani za chuma kwenye beseni moja. Nani alikuwa tajiri na nani alikuwa mgeni, pale haikuwa habari. Hayo nimeyaona kwa macho yangu, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mizizi ya jiko hilo inatuvusha bahari hadi Punjab ya karne ya 15 na 16. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Wasikh, aliyezaliwa mwaka 1469, alianzisha langar, yaani jiko la wote, katika kijiji cha Kartarpur. Nchi ile iligawanyika kwa matabaka: mtu wa tabaka la juu hakula pamoja na wa chini, wala hakugusa chombo chake. Nanak akawaketisha safu moja, chini, wale chakula kilekile. Mata Khivi, mke wa Guru wa pili, ndiye aliyelisimamia jiko likapata utaratibu, na jina lake limetajwa kwa sifa ndani ya kitabu kitakatifu chao, Guru Granth Sahib. Guru wa tatu, Amar Das, akaweka sharti kwamba anayetaka kuonana naye aketi kwanza kwenye safu ya chakula. Masimulizi yao yanasema hata mfalme Akbar alipomtembelea alikaa chini akala na raia. Leo hekalu kuu la Amritsar hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku.

Na gharama? Msikh hufundishwa mambo matatu: amkumbuke Mungu, ale jasho lake la halali, agawane na wengine. Kutokana na hilo la tatu hutolewa fungu la kumi la pato. Mwenye pesa huleta pesa, mwenye shamba huleta unga, asiye na kitu huleta mikono. Jiko halimngojei mfadhili, na ndiyo maana halikufa Makindu ilipokimbiwa na reli, na Kampala likawashwa tena watu waliporudi.

Sasa turudi kwetu. Kiwanja inajua njaa inayoletwa na vita. Novemba 2008, katika mapigano ya siku mbili kati ya waasi wa CNDP na wanamgambo wa Mai-Mai, raia wasiopungua 150 waliuawa hapa, kwa hesabu ya Human Rights Watch, huku kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ikiwa karibu. Mwishoni mwa Oktoba 2022 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na watu wakabeba magodoro tena. Katika miaka hiyo yote, wakimbizi waliokosa nafasi kambini walilala kwenye nyumba za watu. Mama wa Kiwanja aliyekuwa na bugali ya watoto wake aliigawa na watoto wa mwenzake. Hilo ni jambo kubwa, na historia haijalipa haki yake.

Lakini mzigo huo ulibebwa na nyumba moja moja. Nyumba ilipoishiwa, mgeni na mwenyeji walilala njaa pamoja, na jirani hakujua. Moyo wa Makindu tunao. Tunachokosa ni jiko lisilo la nyumba yoyote, ambalo kila nyumba inalidai na kila nyumba inalilisha. Vya kulijengea tunavyo. Tuna likelemba, iliyotufundisha kuchanga kidogo kidogo kwa uaminifu. Tuna salongo, iliyotuzoeza kutoka pamoja na majembe kusafisha barabara. Tuna udongo wa Rutshuru unaolisha Goma. Sufuria ya maharagi na sombe isiyotiwa nyama italiwa na Mkatoliki, Mwadventista na Mwislamu bila swali.

Wachungaji, maimamu, viongozi wa mitaa na akina mama wa soko, ombi langu ni kwenu. Anzeni na siku moja ya juma, uwanja mmoja, sufuria moja. Kila muuzaji atoe kikombe kimoja cha maharagi, kila kijana mzigo mmoja wa kuni, na atakayekula leo aoshe sahani kabla hajaondoka, hata akiwa mkubwa wa namna gani. Msiandike orodha ya makabila mlangoni. Wafanyakazi wa reli, watu wa mshahara mdogo waliokuwa mbali na kwao, waliweza kuanzisha jiko ambalo limedumu kwa takriban karne moja. Sisi tulio kwetu, juu ya udongo wetu, hatuna sababu ya kushindwa.