Teknolojia Nafuu za Kupata na Kutibu Maji kwa Kaya za Vijijini

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 za maji safi na salama kwa siku, katika kituo kisichozidi umbali wa mita 400 kutoka kwenye makazi yake. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), unaofanya kazi na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ili kufikia lengo hilo.

Hata hivyo, maji yaliyo salama kwenye bomba huweza kuchafuka njiani au nyumbani, na zipo kaya ambazo bado hutegemea visima vya asili, mito, malambo na mvua. Kwa kaya hizo, teknolojia ndogo za gharama nafuu ni kinga ya kwanza dhidi ya kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengine ya kuhara. Jambo la msingi ni kutambua kwanza kasoro ya maji yenyewe, kwa kuwa hakuna njia moja inayoondoa kila aina ya uchafu.

Uvunaji wa maji ya mvua

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Katika Mkoa wa Dodoma, wenye wastani wa takribani milimita 570 za mvua kwa mwaka, nyumba yenye paa la bati la mita za mraba 40 huweza kuvuna lita 18,000 hivi, hata baada ya kuondoa sehemu ya tano inayopotea kwa mvuke na kumwagika.

Kaya ya watu watano inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika huhitaji lita 4,200 katika kiangazi cha miezi saba. Hivyo tangi la lita 5,000 linatosha kwa matumizi hayo, endapo halitatumika kufulia au kunyweshea mifugo. Mvua ya kwanza huosha vumbi na vinyesi vya ndege, kwa hiyo maji yake yamwagwe kabla ya mfereji kuelekezwa kwenye tangi. Tangi lifunikwe na mdomo wake uwekwe wavu ili mbu wasizaliane.

Pampu ya kamba

Mahali penye maji ya chini ya ardhi yasiyo na kina kirefu, kisima kilichofunikwa na kufungwa pampu ya kamba ni salama kuliko kisima cha wazi kinachotekwa kwa ndoo. Pampu hiyo huwa na gurudumu, kamba na vizibo vidogo vinavyopandisha maji ndani ya bomba la plastiki. Hufaa zaidi kwa visima visivyozidi kina cha mita 35. Faida yake kubwa ni kwamba mafundi wa kuchomelea walioko nchini wanaweza kuitengeneza, na kamba ikikatika mtumiaji huibadilisha mwenyewe. Mkoani Njombe, mafundi wamepewa mafunzo ya kutengeneza pampu hizo na kuchimba visima kwa mikono.

Kuua vijidudu

Kuchemsha ni njia ya zamani na ya uhakika. Maji yakifikia hatua ya kutokota, vimelea vya magonjwa hufa. Kasoro yake ni gharama ya kuni au mkaa, pamoja na hatari ya maji kuchafuliwa tena yakishapoa.

Dawa ya klorini, ya maji au ya vidonge, hutumika kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha maji huachwa kwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Klorini inayobaki huendelea kuyalinda maji ndani ya chombo, faida ambayo kuchemsha hakuna. Hata hivyo, tope hupunguza nguvu ya dawa, na baadhi ya vimelea wenye gamba gumu huistahimili. Maji ya tope yaachwe kwanza yatuame, kisha yachujwe kwa kitambaa safi. Unga wa mbegu za mlonge husaidia tope kutuama, lakini hauchukui nafasi ya dawa.

Njia ya tatu ni mwanga wa jua. Maji maangavu hujazwa kwenye chupa angavu za plastiki zisizozidi lita 2, kisha hulazwa juu ya bati kwa saa 6 za jua, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu. Chupa ikisimamishwa juu ya gazeti na kichwa cha habari kisisomeke kupitia maji, maji hayo yana tope mno kwa njia hii. Siku za mvua isiyokatika, njia nyingine itumike.

Vichujio

Kichujio cha mchanga cha kaya kilibuniwa katika miaka ya 1990 na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada. Ndani yake maji hubaki sentimita 5 hivi juu ya mchanga, na hapo hujengeka utando wa viumbe hai wanaokula vimelea. Utando huo huchukua takribani mwezi mmoja kukomaa, hivyo maji ya siku za mwanzo hayana budi kutiwa dawa. Hata baada ya hapo, inashauriwa klorini iendelee kutumika.

Kwa upande wa ubunifu wa ndani, mhandisi wa kemia Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kwa kichujio kinachounganisha mchanga na nanoteknolojia, kinachoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika.

Tatizo la floraidi

Katika baadhi ya maeneo ya mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, maji huwa na madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake hubadilika rangi kuwa ya kahawia. Kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi, mifupa hupinda na viungo hukakamaa.

Hapa ndipo kuchagua njia isiyofaa huleta madhara. Klorini na mwanga wa jua haviondoi floraidi. Kuchemsha huongeza mkusanyiko wake, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke ilhali madini hubaki. Teknolojia ya kaya iliyofanyiwa kazi na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, ni kupitisha maji kwenye chenga za mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa madini hayo. Mkaa huo huchoka, hivyo maji yanayotoka hupimwa mara kwa mara ili ubadilishwe kwa wakati. Mahali ambapo paa linaruhusu, maji ya mvua ni mbadala mzuri wa kunywa na kupikia.

Uhifadhi

Jitihada zote hupotea iwapo maji yaliyotibiwa yatachotwa kwa kikombe kilichoshikwa kwa mikono michafu. Chombo kinachofaa ni ndoo yenye mfuniko na koki, au dumu la mdomo mwembamba, na kioshwe kabla ya kujazwa upya.

Kabla ya kununua kifaa chochote, kaya inashauriwa kuulizia matokeo ya vipimo vya chanzo chake kwa chombo cha watoa huduma ya maji, ofisi ya RUWASA ya wilaya au maabara ya ubora wa maji iliyo karibu. Floraidi haionekani kwa macho wala haitambuliki kwa ladha. Hubainika kwa kipimo pekee.