Pamphile Mihayo: mutoto wa Lubumbashi aliyecheza Mazembe, kisha akawa kocha wake

Kila mara OC Muungano ao Bukavu Dawa inapopoteza michezo mitatu mufululizo, maneno ni yaleyale kutoka Nyawera hadi Panzi: kocha aondoke, tuchukue mutoto wa hapa, mwenye alicheza hapa, mwenye anajua stadi ya Concorde hata akifumba macho. Wengine wanajibu kwamba kucheza muzuri ni kitu kimoja na kufundisha ni kitu kingine. Katika mabishano hayo jina la Pamphile Mihayo Kazembe linarudi mara kwa mara, juu yeye alipita njia hiyo yote, tena katika klabu kubwa kuliko zote za inchi yetu. Wengi wanajua jina. Wachache wanakumbuka namna mambo yalivyoenda, na mambo hayakwenda moja kwa moja.

Mihayo alizaliwa Lubumbashi mwaka 1976. Katika muji ule, mutoto anazaliwa akiwa Mazembe ao akiwa Lupopo, na klabu zote mbili zilianzishwa mwaka 1939, wakati muji uliitwa bado Elisabethville. Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto, kwa jina la Saint Georges. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya mipira ya magari, na ikaongeza neno Tout Puissant, maana yake mwenye nguvu zote, baada ya kuchukua shampiona bila kupoteza hata muchezo mumoja mwaka 1966. Mwaka 1967 na 1968 ilichukua kikombe cha mabingwa wa Afrika. Kisha ikaenda finali mbili zingine, 1969 na 1970, ikapoteza zote. Kizazi cha Mihayo kilikua kikisikia hadithi hizo kutoka kwa baba na wajomba, lakini kwa macho hakikuona kitu. Kikombe kile cha Afrika kilikaa mbali na Lubumbashi kwa zaidi ya miaka 40.

Mambo yalianza kubadilika baada ya Moïse Katumbi kuchukua uraisi wa klabu mwaka 1997. Pesa iliingia, wachezaji kutoka Zambia na inchi zingine wakaanza kuja, na wazuri wa hapa hawakulazimishwa tena kukimbilia Ulaya haraka. Mihayo ni mumoja wa wale waliobaki.

Uwanjani alikuwa mutu wa katikati. Hakuwa na jina kama la Trésor Mputu, wala hakuwa na maonyesho kama ya golikipa Robert Kidiaba, yule aliyekuwa anaruka-ruka akiwa ameketi chini kila mara timu ikifunga bao. Kazi ya Mihayo ilikuwa kukata mipira ya wapinzani na kuipeleka kwa wale wenye kujua kufunga. Watu wa namna hii hawapigiwi makelele sana na washabiki, lakini makocha wanawaandika wa kwanza kwenye karatasi. Alivaa pia kitambaa cha kapiteni.

Mwaka 2009 kikombe kilirudi. Finali ilikuwa na Heartland ya Nigeria. Kule Owerri Mazembe ilipoteza 2-1, na Lubumbashi, tarehe 7 Novemba, ikashinda 1-0 kwa bao ambalo mulinzi wa Heartland alijifunga mwenyewe. Ukijumlisha ni 2-2. Lakini kwa sheria ya wakati ule, mabao yakifanana, timu yenye kufunga ugenini njo inapita. Bao moja la Owerri likatosha. Musomaji aiweke sheria hii kichwani, tutairudilia.

Mwaka uliofuata ulikuwa mukubwa zaidi, na ulianza vibaya. Mputu alifungiwa na FIFA mwaka muzima kwa sababu ya fujo na mwamuzi wakati wa michuano ya CECAFA kule Kigali. Timu ikaenda bila nyota wake. Chini ya kocha Lamine N'Diaye wa Senegal, iliikamata Espérance ya Tunis 5-0 Lubumbashi katika finali ya kwanza, ikaenda kufanya sare ya 1-1 Tunisia. Mwezi wa Desemba 2010, katika Kikombe cha Dunia cha Klabu kule Abu Dhabi, Mazembe ilitosha Pachuca ya Mexico 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0, mabao ya Mulota Kabangu na Alain Kaluyituka. Hakuna klabu ya Afrika iliyowahi kufika finali ile mbele yake. Tarehe 18 Desemba Inter ya Milano, yenye Samuel Eto'o, ilishinda 3-0. Hata vile, wenye kukumbuka siku zile hapa Bukavu wanajua kama watu hawakulia. Muji ulicheza tu.

Mihayo alikuwa ndani ya timu ile. Alikuwa na miaka 34, umri ambao muchezaji anaanza kuulizwa atafanya nini kesho.

Kutoka uwanjani hadi kwenye benchi

Kwa wachezaji wengi wa kwetu, jibu la swali lile ni gumu. Pesa ya mupira inaisha haraka, masomo yaliachwa njiani, na klabu nyingi hazina nafasi ya kuwapa. Mazembe ilifanya tofauti: iliwaweka baadhi ya wazee wake ndani ya nyumba. Kidiaba akawa mwalimu wa magolikipa, na baadaye, katika uchaguzi wa 2018, akachaguliwa mbunge wa jimbo la Haut-Katanga. Mihayo aliingia katika kundi la makocha.

Lakini kuwa musaidizi hakukuwa na maana ya kupewa timu. Tangu ufufuko wa 2009, kila kikombe cha Afrika kililetwa na mugeni. Diego Garzitto kutoka Ulaya mwaka 2009, N'Diaye 2010, Mufaransa Patrice Carteron mwaka 2015, wakati Mutanzania Mbwana Samatta alipokuwa anafunga, na Mufaransa mwingine Hubert Velud mwaka 2016 katika Kikombe cha Shirikisho. Mutoto wa nyumbani alikaa pembeni, akibeba koni na kutafsiri maneno ya mukubwa kwa vijana. Ni hali ambayo makocha wa Kivu wanaijua vizuri sana: unapewa timu wakati hakuna mutu mwingine, na siku pesa ya kumulipa mugeni inapopatikana, unarudishwa nyuma.

Mlango wake ulifunguliwa na kushindwa kwa mwingine. Mwanzo wa 2017 Mazembe ilikuwa na Mufaransa Thierry Froger. Ilipoteza Super Coupe mbele ya Mamelodi Sundowns, 1-0. Mwezi wa Machi ikakutana na CAPS United ya Zimbabwe katika Ligi ya Mabingwa. Sare 1-1 Lubumbashi, sare 0-0 Harare. Sheria ileile ya bao la ugenini, iliyowapa kikombe mwaka 2009, sasa iliwatupa inje. Froger akaenda, Mihayo akapewa timu.

Alipokea nyumba yenye moto. Klabu ilikuwa imeshushwa katika Kikombe cha Shirikisho, kikombe ambacho washabiki wa Kamalondo walikiona kidogo. Raisi wa klabu alikuwa uhamishoni: Katumbi aliondoka inchini mwezi wa Mei 2016, na alirudi Lubumbashi paka Mei 2019. Hata mwezi wa Agosti 2018 alipojaribu kuingia kwa Kasumbalesa, mupaka ulifungwa mbele yake. Kwa hiyo karibu kazi yote kubwa ya Mihayo ilifanyika wakati mwenye klabu hakuweza kukanyaga stadi yake mwenyewe, ile ya Kamalondo yenye nafasi za watu zaidi ya 18,000, iliyofunguliwa mwaka 2011. Wale wanaosema kama Mihayo alikula chakula kilichopikwa na wengine wanasahau kipande hiki.

Timu ilipita JS Kabylie ya Algeria, ikatoka katika kundi lenye SuperSport United ya Afrika Kusini, Horoya ya Guinea na Mounana ya Gabon. Robo finali ilikuwa na Al-Hilal ya El Obeid, Sudani: ushindi wa 2-1 ugenini, na 5-0 nyumbani. Nusu finali ikawa ngumu zaidi, FUS ya Rabat, 1-0 na 1-1. Katika finali wakakutana tena na SuperSport. Tarehe 19 Novemba 2017, Lubumbashi, Mazembe ilishinda 2-1, mabao ya Adama Traoré na Daniel Adjei kwa penalti. Bao la SuperSport lilitisha watu, juu sasa 1-0 tu kule Pretoria ingetosha kuwanyanganya kikombe. Tarehe 25 Novemba timu ya Mihayo ilijifunga mulango: 0-0. Haikuwa mupira wa kupendeza macho. Ulikuwa mupira wa mutu aliyecheza katikati maisha yake yote na anajua bei ya bao moja.

Ilikuwa mara ya pili mufululizo Mazembe kuchukua kikombe kile, na kati ya makocha wote walioleta vikombe vya Afrika Lubumbashi tangu 2009, yeye peke yake ni Mukongomani.

Miaka ya kungoja

Kisha vikaja vitu ambavyo vinaweza kumuvunja kocha yeyote. Februari 2018, Super Coupe ilipotea Casablanca mbele ya Wydad, 1-0. Katika Ligi ya Mabingwa ya mwaka ule, robo finali, sare 0-0 Luanda na Primeiro de Agosto, sare 1-1 nyumbani. Mutu hahitaji kuelezewa: bao la ugenini, tena. AS Vita ikachukua shampiona ya taifa ya 2017-18.

Sezoni ya 2018-19 njo ilionyesha uso muzuri zaidi wa timu yake. Tarehe 2 Februari 2019 Mazembe iliichapa Club Africain ya Tunisia 8-0. Mwezi wa Aprili ikakutana na Simba ya Dar es Salaam, robo finali ambayo wasikilizaji wetu waliifuata kwa Kiswahili kutoka pande zote mbili za ziwa Tanganyika. Dar ilikuwa 0-0. Lubumbashi, Emmanuel Okwi alifunga mapema kwa Simba, na watu wakafikiri historia inarudia. Haikurudia: Kabaso Chongo, Meschack Elia, Mputu na kijana Jackson Muleka wakafunga, 4-1. Katika nusu finali, Espérance ilishinda 1-0 Tunis, na Lubumbashi hakuna aliyefunga. Mara hii hata sheria haikuhitajika.

Kwa upande wa taifa hesabu ni nzuri. Mazembe ilikuwa bingwa wa Congo 2016-17, 2018-19 na 2019-20, hii ya mwisho ikitangazwa baada ya Linafoot kusimamishwa kwa sababu ya korona. Lakini katika klabu ile shampiona ya taifa inahesabiwa kama chakula cha kila siku, hakuna mutu anayeshukuru. Mwaka 2020 Raja ya Casablanca iliwatoa katika robo finali ya Ligi ya Mabingwa, 2-0 na 0-1. Mwaka uliofuata hawakutoka hata katika kundi.

Hapo klabu ikaangalia tena inje. Mwisho wa 2021 timu ilikuwa mikononi mwa Mufaransa, Franck Dumas. Mwaka 2023 akarudishwa Lamine N'Diaye, yuleyule aliyekuwa kwenye benchi Abu Dhabi wakati Mihayo akikimbia katikati ya uwanja, na mwaka 2024 akaipeleka Mazembe nusu finali ya Ligi ya Mabingwa, ambako Al Ahly ya Misri iliisimamisha.